Geuza Mkeka

Muuza mikeka hodari hana maneno mengi. Huushika mkeka kwa pembe mbili, akaupiga hewani mara moja, nao ukafunguka na kutua miguuni pako na rangi zake zote: zambarau, kijani cha mgomba, damu ya mzee. Hapo mteja amekwisha kunaswa, kilichobaki ni bei. Mimi nilinunua mikeka minne kwa namna hiyo kabla sijajifunza jambo moja dogo ambalo wanawake wa shamba kule Pemba hulifanya hata bila kufikiri: kuinama, kushika pembe, na kuugeuza mkeka.

Wa nne ndio ulionifunza. Niliununua katika mojawapo ya yale maduka yanayopanga mikeka mlangoni kuwavutia wageni, na kwa miezi mitano ulikaa sebuleni kwangu kama bibi harusi. Siku moja mpwa wangu akauburura kupisha kochi. Ukachanika. Wala haukuchanika ovyo. Ulifunguka kwa mstari ulionyooka kama zipu, toka pindo hadi pindo, pande mbili zikaachana kama ndugu waliogombea shamba la urithi. Nilipochuchumaa kutazama nikaukuta uzi mzima, haujakatika hata mahali pamoja. Ulikuwa nailoni, uzi wa kuvulia samaki. Kilichokatika ni majani.

Nimeutafakari mkeka ule kuliko mizuri yote niliyonunua baadaye. Uzi ulikuwa na nguvu kupita kile ulichokishika. Kila aliyeukanyaga, nailoni ilisogea unywele mmoja ndani ya kunjo la jani, ikalila kama msumeno, mpaka siku ya kuburutwa ikabaki kazi ndogo tu. Kwa hiyo ninapoulizwa mkeka mzuri hutambuliwaje, siku hizi huanza na mshono, ndipo nikarudi nyuma kwenye jani, na maua nayaacha mwisho kabisa.

(Naomba radhi kwa msomaji aliyedhani nazungumzia kubeti, au orodha ya uteuzi kutoka Ikulu. Siku hizi yote hayo ni mikeka, na wa kubeti nao huchanika. Wangu ni ule wa kulalia.)

Tumezoea kusema mtu anasuka mkeka, na lugha inaturuhusu. Lakini kinachosukwa ni ukili, utepe mrefu wa majani unaozaliwa kidogo kidogo mikononi mwa mwanamke anayeongea na jirani, anayechunga wali usiungue, hata anayetembea njiani. Ukili ukishakuwa mrefu hukunjwa kama bomba la maji na kuwekwa. Kili zikitosha, ndipo hulazwa ubavu kwa ubavu na kushonwa. Mkeka, basi, ni kitu cha kushonwa. Nilikaa siku moja nikahesabu wa kwangu wa kulalia. Urefu ni pima moja, yaani mikono minne, karibu sentimita 180. Upana ni kili 16, kila ukili vidole vinne. Humo mna pima 16 za ukili na mishono 15 iendayo urefu wote. Chane zake zina upana wa milimita 4 hivi, na kila chane ikifika ukingoni hukunjwa na kurudi ilikotoka, kunjo moja likichukua karibu milimita 6 za ukingo. Ni makunjo kama 300 kila upande wa mshono, yaani 600 kwa mshono mmoja. Mara 15, ni 9,000. Sindano imepita kote huko, na aliyeishika anauza kazi hiyo kwa bei ambayo mimi na wewe tunataka ipunguzwe.

Ufundi huu una ukoo mpana. Ukivuka bahari hadi Oman na nchi za Ghuba utakuta ukili uleule kwa jani la mtende, nao huitwa safifa, ukishonwa ubavu kwa ubavu kuwa mikeka, makapu na vifuniko vya chakula. Si ajabu, maana mkindu na mtende ni watoto wa ndugu: wataalamu wa mimea huuita mmoja Phoenix reclinata na mwingine Phoenix dactylifera. Mwaka 2019 UNESCO iliingiza maarifa na mila za mtende katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa ombi la nchi 14 za Kiarabu, Oman ikiwemo. Baganda nao wana wao, wameuita omukeeka kwa neno letu. Na huku kwetu kulikuwa na mtepe, jahazi la visiwa vya Lamu lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ambalo tanga lake lilikuwa mkeka. Wazee wa huko waliamini mshono wa majani kiasi cha kuupandisha mlingoti na kuukabidhi kaskazi.

Sasa jani.

Ukindu mzuri hutoka kwenye kuti changa, lile lililofumba bado katikati ya mkindu, limesimama kama mkuki. Halijaona jua, kwa hiyo ni jeupe na lina unyumbufu wa utoto. Likifunguka likawa kijani, hukomaa na kukakamaa, na ukililazimisha kukunjwa pembe hupasuka. Kuti changa hukatwa, huondolewa miiba, huanikwa siku kadhaa mpaka rangi yake ikaribie maziwa yaliyodondoshewa chai. Kisha kila jani huondolewa uti na kuchanwa chane, kwa kisu kidogo, kwa sindano, kwa ukucha kwa waliozoea. Mchumaji mwenye akili hanyang'anyi shina kila kuti linalochomoza. Mkindu huota kwa vichaka, na shina lisiloachiwa kuti jipya hudhoofika.

Kwenye mkeka uliokwisha kushonwa, tafuta chane ambazo hazikutiwa rangi na uzilinganishe. Zote ziwe na weupe wa familia moja. Ukiona hapa ukijani, pale madoa ya kahawia kama ya ndizi iliyoiva, msukaji alichanganya machanga na yaliyokomaa, na mkeka huo utachakaa kwa mabaka. Kisha fuata chane moja kwa kidole inavyozama na kuibuka. Upana wake ubaki uleule. Chane iliyochanwa kwa haraka hunenepa na kukonda, na palipokonda ndipo patakapokatika.

Mwaa ni jambo jingine. Jani hilo la mkoche ni pana na gumu, na lina heshima yake: jamvi la msikitini, kapu la sokoni, kifumbu cha kuchujia tui, vyote vinautaka ugumu huo. Ila wapo wanaouchana mwembamba na kuuza kwa bei ya ukindu. Pitisha kiganja polepole: ukindu huteleza, mwaa hukwaruza. Jani la mnazi halimo kabisa katika mazungumzo haya. Likikauka hukatika ukilikunja, ndiyo maana limeachiwa makuti ya paa na mapakacha ya siku moja.

Kuna siri ya maji ambayo haionekani dukani lakini matokeo yake huonekana. Chane kavu haikunjiki. Hupata ufa mdogo kwenye kona, mara nyingine mdogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Kwa hiyo msukaji huilowesha. Akiilowesha mno, huvimba, naye akasuka utepe uliobana vizuri kabisa, wa kupendeza, ambao wiki moja baadaye umenywea na chane zimeachiana. Msukaji wa kweli hulowesha vidole vyake kuliko anavyolowesha majani. Inua mkeka mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya kwa vitobo vidogo, tena vyote sawa, hapana neno. Ukipenya kwa mistari, hapa mingi pale kidogo, umeona maji yalikozidi. Halafu kunja pembe ya ukili mmoja, kwa upole, uisogeze karibu na sikio. Jani zima hunong'ona. Jani lililokauka kupita kiasi hulia kama ukoko.

Mshono nilifundishwa na bibi mmoja kaskazini mwa Pemba, niliyekwenda kwake na mkeka wangu uliochanika nimeukunja chini ya kwapa kama mgonjwa. Nilimkuta barazani ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, ncha za kili mbili amezibana kwa kidole gumba cha mguu, kibakuli cha maji pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta maiti?"

Akaupokea. Hakuutazama usoni hata kidogo. Aliugeuza, akapitisha ukucha kwenye mshono mmoja uliosalia, akaguna.

"Nani kakwambia huu mkeka?"

Nikamwonyesha maua, nikajitetea kwamba yamepangwa vizuri.

"Maua hata mtoto anasuka. Njoo huku, kaa."

Nikakaa. Alichukua chane ndefu ya ukindu, nyeupe, iliyochanwa nyembamba kuliko za ukili, akailainisha kati ya vidole viwili vilivyolowa, akaitunga kwenye shazia, ile sindano nene ya magunia. Kili mbili zililala ubavu kwa ubavu, na sikuona nafasi kati yake. Sindano haikutoboa jani. Hapo ndipo niliposogea karibu. Ncha yake ilitafuta kunjo, pale chane inapojipinda ukingoni na kuacha kijimfuko kidogo kama kiwiko cha shati. Ikaingia ndani ya mfuko huo, ikatokea, ikaingia mfuko wa ukili wa pili, ikarudi. Kunjo la huku, kunjo la kule. Kila baada ya mapito matano sita alivuta, akasimama, akaubonyeza mshono kwa ubapa wa kidole gumba. Uzi ulizama. Kingo mbili zilipandana kidogo kama vidole vya mikono miwili vinavyoshikana, na nilipojaribu kuonyesha mshono uko wapi nilikosea kwa ukili mzima.

"Ukivuta sana?" nikauliza.

"Utaona milima."

Akanionyesha milima kwenye mkeka wangu. Kweli, ulikuwa na uvimbe katikati ambao siku zote niliudhani ni sakafu. Mshono uliovutwa kupita urefu wa ukili hufupisha mahali pamoja na kuacha pengine parefu, na mkeka hauna pa kuuficha urefu huo isipokuwa kuutunisha. Mkeka mzuri ukitandikwa hulala wote kwa mara moja. Usikubali muuzaji akwambie utanyooka ukizoea. Anayezoea ni wewe.

Nikamuuliza mbona asishone kwa uzi wa dukani, ulio imara. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asimpe mtoto mchanga ugali.

"Uzi wa ukindu ukichoka unakatika wenyewe. Nautoa, natia mwingine, mkeka upo. Huu wako umekatika nini?"

Sikuwa na jibu. Hakuukataa moja kwa moja. Alijaribu kuzishona tena zile kili mbili, lakini makunjo karibu yote yalikuwa yamekatwa, hapakuwa na pa kushika. Alichoweza ni kukata kili hizo mbili, akazitoa, akazisogeza zilizobaki zikaungana, akaurudisha mwembamba kwa vidole vinane. Ninao hadi leo. Nautandika chini ya meza, maua yake yameruka hatua katikati, na wanaouona hudhani ndiyo mtindo.

Tangu siku hiyo, hivi ndivyo ninavyonunua. Nageuza. Nakagua uzi: ukindu, au mwaa kwa majamvi, sawa; kamba ya nailoni, namrudishia mwenyewe kwa heshima zote. Uzi wa pamba nauvumilia kwenye kapu, kwenye mkeka wa kukanyagwa hapana, hushika unyevu na kuoza kabla ya majani. Naangalia kama sindano ilipita ndani ya makunjo au ilitoboa jani katikati. Tundu la kutoboa huonekana kama nukta yenye ufa pande zote mbili, na ufa huo una safari yake. Nashika kili mbili jirani, mkono huu na huu, nazivuta kidogo kinyume. Mshono mzuri hufunguka kiasi cha unywele na kurudi. Mbaya hufunguka ukabaki wazi, au haufunguki kabisa, na huo wa pili nauogopa zaidi.

Mgongoni pia ndiko ziliko ncha. Chane ni fupi kuliko ukili, kwa hiyo kila mara moja inakwisha na nyingine inaanza: mpya hulazwa juu ya ile inayokwisha, zikasukwa pamoja hatua chache, ncha zikatupwa mgongoni na kukatwa baadaye. Mgongo laini kabisa, usio na ncha hata moja, hunitia shaka. Zikikatwa mpaka shina, chane huchomoka. Zikiachwa ndefu hunasa uchafu na vidole vya watoto. Zibaki kama punje ya mchele, zote. Nimewahi kuona mkeka ambao ncha zake zilikuwa zimelala upande mmoja, kama manyoya ya paka aliyepapaswa. Sikuuliza bei mara ya pili.

Maua sasa, maana najua ndiyo yaliyokuleta. Maua ya mkeka ni ya pembe, hayawezi kuwa ya mviringo, kwa sababu chane hukatizana kwa mshazari. Ufundi wake mkubwa hauko ndani ya ukili. Uko kwenye kuyakutanisha. Ua lililokatwa nusu na ukingo wa ukili huu lazima likutane na nusu yake kwenye ukili wa pili, na kili hizo huenda zilisukwa miezi miwili mbalimbali, mmoja wakati wa masika mkono ukiwa mlegevu kwa unyevu, mwingine kiangazi. Kwa urefu wa pima moja, tofauti ya nusu milimita kwa kila ua inatosha kuyaachanisha. Anza kutazama kwenye ncha moja, ukifuata mshono hadi ncha ya pili. Mengi hukutana vizuri mwanzoni, katikati yanasogea kidogo, mwishoni yamepishana kabisa. Msukaji mjanja huanza kushona katikati na kuelekea pande zote, kasoro ikagawanyika. Ipo mikeka yenye maneno pia, kama kanga; hiyo huwa nanunua kwa maneno yake na kusamehe mengi.

Rangi ina jaribio moja la haraka. Lowesha ncha ya leso nyeupe, sugua pahala pa giza zaidi, hesabu hadi kumi. Ikiachia kidogo sana, kawaida. Ikiachia kama wino, basi jani lilichovywa tu, halikuchemshwa likaiva, na shuka zako zitaeleza habari. Kisha tafuta ncha ya chane mgongoni uitazame kwenye mkato: rangi iwe imefika ndani. Zamani wanawake walipata weusi kwa mdaa, njano kwa manjano yaleyale ya jikoni, wekundu wa kahawia kwa magome ya mikoko. Leo ni rangi za unga kutoka dukani, na sioni sababu ya kuzilaani. Zambarau ya kwanza ya kiwandani ilipatikana London mwaka 1856, mikononi mwa kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria, na haikuchukua karne nyingi kuhamia kwenye mikeka ya bibi zetu. Hushika haraka na kung'aa. Jua ndilo adui yake. Linganisha uso na mgongo: zikitofautiana sana, mkeka umekaa mlangoni mwa duka mwaka mzima, na jani nalo limekauka pamoja na rangi. Huo ukupe punguzo la maana, au uuache.

Harufu haidanganyi. Mkeka mpya hunuka nyasi zilizoanikwa. Ukinuka uvundo, ulikunjwa kabla haujakauka, na kuvu ikishaingia kwenye makunjo haitoki. Utaifuta leo itarudi masika. Ukiutikisa ukadondosha unga laini, fukusi wamekutangulia.

Pindo nalipitia upesi. La ukindu, ukili mwembamba uliozungushwa na kushonwa, ndilo zuri. La kitambaa si baya kwa lenyewe, ila kitambaa hufunika ncha za kili na hujui zilifungwa au zilikatwa tu. Bonyeza kwa kidole kando yake. Pakilegea, kuna lililofichwa.

Usipime kila kitu kwa mizani ya mkeka wa kulalia. Jamvi halihitaji maua, linahitaji kubeba watu 20 wa msibani na kukunjwa tena kesho. Kazi yake ni uzito na mshono mpana. Msala, ule wa mviringo wa kusalia, ni mdogo lakini ndio mgumu kuliko yote, maana ukili hupindishwa kufuata duara na upande wa ndani hujikusanya. Nitazame mimi: nina msala wa marehemu mama, uzi umebadilishwa mara tatu, katikati pana alama mbili za magoti. Watu wamenishauri ninunue wa zulia, wenye sponji. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, na safari hii walizungumzia mikeka yenyewe hasa.

Kwa wanaoishi mbali, neno moja. Jani la ukindu limezaliwa kwenye mabonde ya maji na huishi vizuri katika hewa yetu ya pwani. Mkeka ukipelekwa Muscat kwenye nyumba ya kiyoyozi, au Ulaya chumba chenye joto la mitambo wakati wa baridi, unapoteza unyevu wake, na ukiufungua kwa kishindo kama afanyavyo muuzaji, utapasuka. Huko Marekani mkeka umeingia mezani tangu mwaka 1966, Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa na kuufanya mojawapo ya alama saba za sikukuu ile, nayo huangukia Desemba, majira makavu ndani ya nyumba. Pitisha kitambaa kilicholowa na kukamuliwa vizuri juu ya bomba la mkeka, acha saa moja, fungua nusu, futa tena, ndipo umalizie. Usiukunje kamwe kama shuka, zungusha tu. Na usiutundike ukutani mahali jua linapopiga, hata kama unapendeza pale.

Mikeka ya plastiki siisemi vibaya. Huoshwa kwa bomba, haichanwi na mvua, na kwa mkutano wa hadhara inatosha kabisa. Lakini haina mgongo. Nimeigeuza mara nyingi, kwa mazoea, nikakuta uso uleule.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwa yule bibi nilichagua mkeka mmoja, wa damu ya mzee na weupe, nikaugeuza, nikavuta kili kinyume, nikausogeza sikioni, nikalowesha leso. Yeye alikuwa ameketi akinitazama, shazia mkononi, hasemi kitu. Nilipomaliza nikauliza bei. Akataja. Ilikuwa juu kuliko ile aliyomtajia mteja aliyenitangulia, nami nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu.

"Bibi, mbona yule mama umempa kwa elfu arobaini?"

"Yule hakugeuza, mwanangu. Nimempa ule wa mjukuu wangu, anajifunza."